Kwa nini tumbili haugui: seli na virusi vinavyofinyangana

Katika makundi mengi ya tumbili wa porini barani Afrika, sehemu kubwa ya majike waliokomaa wana SIV, virusi vya ukoo mmoja na VVU. Pima damu yao na utakuta maelfu hadi mamilioni ya nakala za virusi katika kila mililita. Binadamu mwenye kiasi hicho, asipotumia dawa, hufikia UKIMWI baada ya miaka kadhaa. Tumbili anakula, anazaa, anazeeka, na seli zake za kinga zinabaki kazini.

Maelezo yanayosikika sana ni kwamba virusi vikikaa muda mrefu na mwenyeji wake huwa vipole, kwa kuwa havina faida ya kumuua. Naona maelezo hayo yamewapotosha wengi. SIV ya tumbili haijawa pole. Bado inazaliana kwa kasi na bado inaua seli inazoziingia. Jamaa yake, SIV ya mangabei wa moshi, kima wa Afrika Magharibi, haimuumizi mangabei mwenyewe, lakini ilipofika kwa kima rhesus wa Asia waliofugwa katika vituo vya utafiti vya Marekani iliwasababishia ugonjwa ulio sawa na UKIMWI. Kwa hiyo jibu la kwa nini tumbili ni mzima tulitafute zaidi ndani ya tumbili, kwenye seli zake.

Tuanze pale virusi vinapoingilia. Virusi hivi vinahitaji protini mbili juu ya seli: CD4, ambayo wengi tunaijua kutokana na vipimo vya kliniki, na ya pili inayoitwa kipokezi-msaidizi, mara nyingi CCR5. Protini ya ganda la virusi hushika CD4 kwanza, hujikunjua, kisha hushika CCR5, ndipo utando wa virusi unaungana na utando wa seli. Ikikosekana moja kati ya hizo mbili, safari inaishia nje.

Seli T za tumbili, yaani seli nyeupe za kinga ambazo virusi hivi huzishambulia, hufanya jambo la ajabu. Zikiwa changa zina CD4 kama zetu. Zikishakutana na adui na kugeuka kuwa seli za kumbukumbu, nyingi huacha kutengeneza CD4 na kuanza kuonyesha aina ya CD8 badala yake. Bado zinafanya kazi ya usaidizi: zinatoa ishara zile zile za kemikali kwa seli nyingine za kinga. Ila virusi havina tena pa kuzishika. Seli za kumbukumbu ndizo ambazo binadamu mwenye VVU hawezi kuzipoteza bila kuugua, na ndizo ambazo tumbili amezifungia nje ya hatari. Mangabei wa moshi amepita njia nyingine: CD4 yake ipo, lakini seli zake za CD4 zina CCR5 kidogo sana, hasa zile za kumbukumbu zinazoishi muda mrefu. Na wote wawili, tumbili na mangabei, huzima mwako wa kinga wiki chache baada ya maambukizi. Kwetu mwako huo hauzimiki. Ukuta wa utumbo unaharibika, bakteria na vipande vyake vinavuja kwenye damu, kinga inaendelea kuwaka, na seli mpya zilizoamshwa zinakuwa chakula cha virusi.

Kuna mangabei mwingine, wa kofia nyekundu, anayeishi maeneo ya Gabon na Kamerun. Jeni yake ya CCR5 mara nyingi imepungukiwa herufi 24 za DNA, na nakala hiyo mbovu ni zaidi ya asilimia 80 ya nakala zote zilizopimwa. Ungetegemea SIV iishe kabisa kwake. Haikuisha. Virusi vyake viliacha CCR5 vikajifunza kutumia kipokezi jirani, CCR2b. Hapo unaona pande zote mbili za mvutano katika mnyama mmoja: mwenyeji alifunga njia, virusi vikapata nyingine.

Binadamu nao wana upungufu wa namna hiyo, wa herufi 32, unaobebwa zaidi na watu wa asili ya kaskazini mwa Ulaya. Mwenye nakala mbili karibu hawezi kuambukizwa na virusi vinavyotumia CCR5. Timothy Ray Brown alipandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo mjini Berlin mwaka 2007, akawa mtu wa kwanza kuthibitishwa kupona VVU. Upungufu huo ulikuwepo muda mrefu kabla ya VVU kufika kwa binadamu, kwa hiyo si VVU vilivyouchagua. Wala si kinga kamili, kwa sababu baadhi ya VVU hutumia CXCR4, na watu wachache wenye nakala mbili wameambukizwa na virusi vya aina hiyo.

Kuingia ni mwanzo tu. Ndani ya seli kuna protini zinazongoja, na hapa ndipo historia ya miaka mingi inasomeka vizuri zaidi. Nitakaa kwenye moja, APOBEC3G, kwa sababu utendaji wake unaeleweka herufi kwa herufi.

Seli iliyoambukizwa inapotengeneza virusi vipya, molekuli chache za APOBEC3G hujipenyeza ndani ya virusi hivyo. Hazifanyi lolote hadi virusi viingie seli inayofuata. Kimeng'enya cha virusi kinapoanza kunakili RNA kuwa uzi wa kwanza wa DNA, APOBEC3G hupita juu ya uzi huo na kugeuza herufi C kuwa U. Uzi wa pili unapoandikwa, mahali penye U huwekwa A badala ya G. Matokeo yake ni jenomu, yaani maandishi yote ya jeni za virusi, iliyojaa G zilizogeuka A. APOBEC3G hupendelea C iliyotanguliwa na C nyingine, kwa hiyo kwenye uzi wa pili GG huwa AG. Sasa angalia kodoni, yaani herufi tatu zinazotaja asidi amino moja, kijenzi cha protini: TGG ni ya triptofani. Ikigeuka TAG inakuwa alama ya kusimama, na protini inakatika katikati. Virusi vilivyopigwa hivi haviwezi kuzaa.

VVU vingekuwa vimeisha kama visingekuwa na protini Vif. Kazi yake ni kushika APOBEC3G kwa mkono mmoja na mtambo wa seli wa kutia alama ya uharibifu kwa mwingine. Mtambo huo una CUL5, Elongini B na C, na CBF-beta, zote mali ya seli yenyewe. APOBEC3G inatiwa alama hiyo, iitwayo yubikwitini, na kupelekwa kwenye proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini, inavunjwavunjwa kabla haijaingia kwenye virusi.

Kushikana huko kunategemea mahali padogo mno. Nafasi ya 128 ya APOBEC3G ya binadamu ina asidi aspati, ya tumbili ina lisini. Vif ya VVU haiwezi kuvunja APOBEC3G ya tumbili. Badilisha nafasi hiyo moja kwenye protini ya binadamu iwe lisini, na Vif ya VVU inashindwa, huku Vif ya SIV ya tumbili ikianza kuiweza. Asidi amino moja kati ya 384 inaamua kama virusi vitapita au la. Hata miongoni mwa tumbili wenyewe, grivet wa Ethiopia na Sudan, tantalus wa Uganda na Afrika ya Kati, vervet wa Kenya, Tanzania na kusini, sabaeus wa magharibi, APOBEC3G inatofautiana katika eneo hilo hilo, na Vif za SIV zao zimebadilika kuzifuata.

Kwa anayetaka kujua jambo hili linapimwaje maabara: hutumika seli za HEK 293T, ambazo hazina APOBEC3G yao wenyewe. Unaziwekea plazmidi tatu, yaani vipande vya mviringo vya DNA vinavyobeba jeni: jenomu ya virusi isiyo na vif, APOBEC3G ya mnyama unayemchunguza, na Vif ya virusi unavyovichunguza. Baada ya saa 48 unakusanya majimaji, unapima p24, protini ya virusi, ili kila sampuli iwe na kiasi sawa cha virusi, kisha unaambukiza seli za TZM-bl zinazotoa mwanga wa lusiferasi zikiingiwa. Mwanga mwingi maana yake Vif imefanya kazi. Kosa linaloharibu majaribio mengi ni kuweka plazmidi ya APOBEC3G kupita kiasi. Ikizidi, inailemea Vif yoyote, na utadhani umepata protini isiyovunjika kumbe umeimwaga tu kwa wingi. Ni lazima kupima ngazi kadhaa za kiasi, kwa mfano nanogramu 25, 50, 100 na 200, na kuangalia kwa Western blot, kipimo kinachoonyesha wingi wa protini, kama APOBEC3G imepungua kweli ndani ya seli zilizotengeneza virusi. Mwanga ukirudi bila protini kupungua, kuna kitu kingine kinachotokea. Pia weka sampuli isiyo na APOBEC3G kabisa, la sivyo hutajua mwanga wa asilimia 100 ni upi.

Sasa sokwe. SIV ya sokwe ni mchanganyiko wa virusi viwili vya kima: sehemu moja inatoka kwa ukoo wa mangabei wa kofia nyekundu, nyingine kwa ukoo wa kima kama yule mwenye doa puani wa Afrika ya Kati. Sokwe huwinda na kula kima, na virusi viwili vikikutana katika seli moja hubadilishana vipande. Katika kuhamia huko jeni ya vpx ilipotea, na mwisho wa jeni ya vif iliyopakana nayo ukaandikwa upya. Vif hiyo mpya ndiyo iliyoweza kuvunja protini za APOBEC3 za sokwe. Vpx nayo ilikuwa na kazi yake ya kuvunja SAMHD1, protini inayopunguza malighafi za kujengea DNA ndani ya seli zisizogawanyika. SIV ya sokwe ilipata Vif na kupoteza hilo. VVU-1 viliurithi upungufu huo na hadi leo haviwezi kuvunja SAMHD1, ndiyo maana seli za dendriti, aina ya seli za kinga zisizogawanyika, ni ngumu kwavyo. VVU-2, vilivyotoka kwa mangabei wa moshi, bado vina Vpx.

Zamani ilidhaniwa sokwe naye haugui. Utafiti wa Gombe, kule Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, uliivunja dhana hiyo. Kwa kutumia kinyesi na mkojo tu, bila kumgusa mnyama, watafiti walifuatilia sokwe 94 waliozoea watu, na 17 kati yao walikuwa na SIV. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa hatari ya kufa kwa walioambukizwa, ikilinganishwa na wenzao wa umri wao, ilikuwa mara 10 hadi 16. Majike wao walizaa kwa uchache, na watoto wao wengi hawakuishi. Huyu ni mwenyeji aliyepata virusi hivi majuzi zaidi kuliko tumbili, na seli zake bado zinalipa. SIV za kima ni za kale sana: kutokana na kima wa kisiwa cha Bioko, ambao bahari iliwatenga na bara zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, umri wa SIV umekadiriwa kuwa angalau miaka 32,000, na huenda ni zaidi sana.

Hata hivyo sokwe hajakaa bure. Ncha ya CD4 yake, ile inayoshikwa na virusi, inatofautiana kati ya sokwe na sokwe. Aina 9 zimepatikana porini, na baadhi zimeongeza minyororo ya sukari juu ya protini, ambayo inazuia ganda la virusi kukaa sawasawa. CD4 ya binadamu karibu ni ile ile kwetu sote. Kwa virusi, kukutana na watu milioni wenye CD4 moja ni kazi nyepesi kuliko kukutana na sokwe mia wenye CD4 tofauti.

Virusi vya sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun ndivyo vilivyozaa kundi M la VVU-1, lililoenea duniani. Kutoka huko vilifika Kinshasa, na sampuli za kale zaidi tulizonazo, za mwaka 1959 na 1960, zinatoka mji huo. Tofauti zilizojikusanya kati yake zinarudisha mwanzo wa kundi M kwenye miongo ya kwanza ya karne ya 20.

Kuhamia kwa binadamu kulikuwa na kizuizi chake. Seli zetu zina tetherini, protini inayoning'iniza virusi vipya kwenye utando visiweze kuondoka. Kwa sokwe, SIV huiondoa kwa protini Nef, inayoshika mkia wa tetherini. Tetherini ya binadamu imepoteza asidi amino 5 katika mkia huo huo, upungufu ambao hata Neanderthal, binadamu wa kale waliotoweka, walikuwa nao. Nef ikakosa pa kushika. Kundi M lilitatua shida hiyo kwa kuipa protini nyingine, Vpu, kazi mpya: Vpu ya SIV ya sokwe hupunguza CD4 lakini haigusi tetherini yake, ya kundi M inafanya yote mawili. Kundi P, lililotoka kwa gorila, halikufanikiwa kutatua hilo, na limeonekana kwa watu wachache mno. Sidai kwamba tetherini peke yake ndiyo iliyoamua nani aenee, kwa maana miji, reli na sindano vilikuwa na sehemu yao, lakini ni vigumu kuipuuza.

Mabadiliko mengine yako katika Gag, protini inayojenga umbo la virusi, nafasi ya 30. SIV ya sokwe kwa kawaida ina methionini au leusini hapo. VVU vina ajinini au lisini. VVU vya binadamu vilipowekwa kwa sokwe wa maabara, nafasi hiyo ilirudi kuwa methionini. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huo wa jinsi mwenyeji anavyoandika jeni za virusi.

Upande wa pili, jinsi virusi vinavyoandika jeni za mwenyeji, unasomwa kwa hesabu. Chukua jeni, tuseme TRIM5, inayoshambulia kapsidi ya virusi, gamba la ndani linalofunika jenomu yake, mara vinapoingia. Kusanya mfuatano wake kutoka spishi 15 hadi 20 za kima na sokwe. Upange kodoni kwa kodoni. Kisha linganisha kasi ya mabadiliko yanayogeuza asidi amino na kasi ya mabadiliko yasiyogeuza kitu. Jeni nyingi zina uwiano ulio chini sana ya 1, kwa sababu kubadilisha protini kwa kawaida ni kuiharibu. Ukiona mahali penye uwiano unaozidi 1, kuna kitu kilichokuwa kinalazimisha mabadiliko kizazi baada ya kizazi. Kwenye TRIM5 mahali hapo pamejikusanya katika kipande kifupi cha eneo la SPRY, ndicho kinachogusa kapsidi. Programu za PAML na HyPhy hufanya kazi hii bure.

Yanayoharibu hesabu hii ni haya. Mpangilio mbaya ndio adui mkuu: kodoni moja ikisogea, unapata mabadiliko ya uongo yaliyorundikana sehemu moja, na yanafanana kabisa na dalili unayoitafuta. Yaangalie kwa macho, usiiachie programu. Pili, jeni ndugu. Binadamu ana jeni 7 za APOBEC3 zilizopangana mstari mmoja, na ukichanganya 3G ya spishi moja na 3F ya nyingine hesabu yote ni takataka. Tatu, jeni zilizobadilishana vipande, ambazo hazina mti mmoja wa ukoo, kwa hiyo pima kwanza kwa programu ya GARD. Nne, spishi zilizo karibu mno: binadamu, sokwe na gorila peke yao hawana tofauti za kutosha kukupa jibu.

Mtu anaweza kuuliza mwenyeji anawezaje kushindana hata kidogo. Jenomu ya VVU ina herufi takriban 9,700, kimeng'enya chake hukosea karibu mara 3 katika kila herufi 100,000, na mtu asiyetumia dawa hutengeneza virusi kama bilioni 10 kwa siku. Kila badiliko la herufi moja linalowezekana hutokea ndani ya mtu huyo kila siku. Sisi tunabadilisha kizazi kwa miaka 25 hivi. Nguvu ya mwenyeji iko katika kugonga mahali ambapo virusi haviwezi kubadilika bila kujiumiza. HLA ni protini zinazoonyesha kinga vipande vya virusi vilivyo ndani ya seli, na watu wenye aina ya HLA-B*57 huonyesha kinga yao kipande cha Gag chenye nafasi ya 242. Virusi hukwepa kwa kugeuza threonini kuwa asparajini hapo, lakini kapsidi inadhoofika na uzazi unapungua. Vikiambukiza mtu asiye na B*57, badiliko hilo mara nyingi hurudi nyuma.

Dawa ya lenakapavir, sindano ya kuzuia VVU, imejengwa juu ya hali hiyo hiyo. Inaingia kwenye kijishimo cha kapsidi ambamo protini mbili za seli, CPSF6 na NUP153, hushika ili kukiongoza kiini cha virusi kupita tundu la nyuklea, chumba cha seli kinachohifadhi DNA. Virusi haviwezi kukibadilisha kijishimo hicho ovyo, maana vinakihitaji ili kushikwa na seli. Badiliko la M66I (nafasi ya 66 ya kapsidi, methionini kuwa isoleusini) huipunguzia dawa nguvu mara maelfu, lakini virusi vyenye badiliko hilo huzaliana vibaya mno. Sindano moja kila miezi 6 ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda: kati ya 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Katika jaribio la pili, lililohusisha zaidi wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume katika nchi kadhaa, wawili waliambukizwa licha ya sindano. Virusi vya wote wawili vilikuwa na badiliko la N74D, linalokitoa CPSF6 kwenye kijishimo na kuviachia virusi njia nyingine ya kuingia kwenye nyuklea, isiyo nzuri kama ile ya kwanza.

Kwa hiyo swali la kiutendaji kwa kliniki zitakazotoa sindano hii ni muda wa baada ya kuacha. Dawa hubaki mwilini kwa miezi mingi ikipungua taratibu, na anayeambukizwa katika kipindi hicho anavipa virusi kiasi kidogo cha dawa, kisichotosha kuviua lakini kinachotosha kuchagua N74D. Anayeacha sindano akiwa bado kwenye hatari ahamie kinga nyingine, vidonge vya tenofovir na emtricitabine kwa mfano, ifikapo tarehe ambayo sindano iliyofuata ilipaswa kuchomwa, na apimwe VVU kabla ya kuhama.